Nani Anamfunga Kamba?

Nilipoingia kwenye maleba ya jukwaani nilikuwa nimeshashona nguo za watu kwa miaka tisa, kwa hiyo nilijiona ninajua kupima mwili wa mwanamke. Nilimpima mwimbaji wetu mkuu kama nilivyompima kila mteja: kifua, kiuno, nyonga, mgongo, urefu wa mkono. Alisimama wima, ametulia, nami nikaandika. Koseti, ile nguo ngumu ya ndani inayobana kiwiliwili kwa kamba, ikatoka nzuri mno, kiuno cha nyigu, mshono hauonekani. Siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa kila kitu, akafika kwenye wimbo wake mkubwa, na pale penye sauti ndefu ya juu, sauti ikakatika. Akarudia. Ikakatika palepale. Akageuka kunitafuta gizani kwenye viti.

"Dada, hii nguo umemshonea mtu asiyepumua."

Alisema kweli. Nilimpima pumzi zikiwa zimetoka. Usiku ule nikampima upya mara tatu: ametulia, amevuta pumzi hadi mwisho, na amekaa. Kati ya pumzi tupu na pumzi iliyojaa mbavu zake zilitanuka sentimita 6. Mimi nilikuwa nimemwachia 2. Nikafumua pande zote mbili, nikatia taharizi za lastiki nene, nikazifunika kwa kitambaa kilekile kilichokunjwa marinda membamba ili akivuta pumzi marinda yafunguke na aliyekaa mbele asijue. Tangu hapo kipimo cha pumzi ninakiandika kwa wino mwekundu, na juu kabisa ya karatasi.

Nikitazama nyuma, futi ya kupimia haikuwa na kosa. Mimi nilishona kwa kutazama picha. Nilikuwa na mchoro wa bibi mmoja wa karne ya 19 ukutani, na nilichofanya ni kumhamisha bibi yule kutoka ukutani kwenda jukwaani. Sasa yule wa kwenye picha hapandi ngazi, hafokewi, haimbi. Ameketi na ameshavikwa. Mchoraji hakutuonyesha waliomvika wala muda waliotumia.

Mkuu wa chumba chetu cha maleba, mama mtu mzima ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, alikuwa na swali moja kwa kila mhusika wa kike, na kabla halijajibiwa mkasi haukugusa kitambaa. Aliuliza, "Huyu, nani anamfunga kamba?" Mara ya kwanza nilidhani anatania. Baadaye nikaona kwamba swali hilo linakuambia cheo cha mtu, pesa zake, umri wake, kama ana dada au mtumishi, kama anaishi peke yake, na hata kama anaweza kutoroka usiku bila kumwamsha mtu.

Koseti inayofungwa nyuma tu inahitaji mikono ya mtu mwingine. Wanawake wengi wa kazi wa karne ya 18 walivaa vizibao vigumu vilivyofungwa mbele, na sababu yake iko wazi: hapakuwa na mtu wa kuwafunga. Kufikia katikati ya karne ya 19 koseti nyingi zilikuwa na bamba la chuma mbele lenye vijino na matundu. Mwenyewe unalegeza kamba za nyuma, unabana mbele, kisha unazungusha mikono na kuvuta. Kwa hiyo hata yule tunayemwonyesha kama mateka wa nguo zake aliweza, akitaka, kujivika. Waongozaji wengi hawapendi kusikia hivyo. Wanataka ile picha ya binti ameshika nguzo ya kitanda huku mtu anamkanyaga mgongo na kuvuta kamba. Mimi siikatai picha hiyo kama hadithi inaihitaji, lakini ninaidai sababu. Huyu binti anakazwa kwa ajili ya nani leo, na jana alikazwa hivihivi?

Na vile vijiti vya ndani ambavyo watu huviita mfupa wa nyangumi wala si mfupa. Ni zile fito zinazoning'inia mdomoni mwa nyangumi asiye na meno, na asili yake ni moja na kucha zako. Zinapinda, zikipata joto la mwili zinafuata umbo la mvaaji. Sisi tunatumia plastiki au chuma chembamba, na chuma kikivunjika katikati ya onyesho kinachoma. Nimeshang'oa kimoja kwenye ubavu wa mtu huku pazia linakaribia kufunguliwa, kwa koleo.

Mchezo ulionifundisha swali la Bi Mkubwa kwa vitendo ulikuwa na bibi wa nyumba na mtumishi wake, rika moja, urefu mmoja, na kwa muda mrefu wote wawili wako jukwaani. Mwongozaji alitaka tuwatofautishe kwa kitambaa: bibi hariri, mtumishi pamba. Hiyo ni rahisi, na kutoka kiti cha mwisho nyuma hariri ya bei nafuu na pamba iliyopigwa pasi vizuri zinafanana. Nikaanza kwa kamba. Bibi anafungwa nyuma, mtumishi anajifunga mbele. Mtumishi mikono yake ya nguo inaishia chini kidogo ya kiwiko na kwapani nimemtilia kikwapa kipana, kile kipande cha ziada cha kulegeza kwapa, ainue ndoo bila gauni zima kupanda. Bibi hana kikwapa. Nguo yake imekatwa hivi kwamba akiinua mkono juu ya bega, gauni linamrudisha. Waigizaji wenyewe hawakuambiwa lolote. Wiki moja baadaye mwongozaji akaniuliza kwa nini yule bibi ameanza kuwa na maringo kwenye mabega, amefundishwa na nani. Nikamwambia kikwapa.

Kuna pia suala la mfuko. Yule mtumishi alitakiwa aifiche barua. Kwenye mazoezi aliichomeka kifuani, kama wanavyofanya wote, na kila mara ikachungulia. Wanawake wa karne ya 18 walivaa mifuko mikubwa ya kitambaa iliyofungwa kiunoni kwa utepe, chini ya sketi, na sketi ina upenyo ubavuni wa kupitishia mkono. Nguo zilipokuja kuwa nyembamba na nyepesi mwishoni mwa karne ile, mifuko hiyo haikuwa na pa kukaa, ndipo vikaenea vile vipochi vidogo vya kushika mkononi. Nikamshonea mfuko, nikaacha upenyo kwenye mshono wa ubavu. Mkono wake ukazama kwenye sketi hadi kiwiko na kutoka mtupu. Watazamaji wakaguna. Ile barua ilikuwa imekwenda mahali ambapo hakuna mtu mwingine kwenye hadithi angeweza kuifikia, na hakuna maneno yaliyoandikwa kueleza hilo.

Kuvaa kwenyewe kuna utaratibu, na anayeuvuruga hulipa. Shimizi kwanza, ya pamba au kitani, kwa sababu ndiyo inayonywa jasho na ndiyo inayofuliwa. Kisha soksi na viatu. Ndiyo, viatu kabla ya koseti. Mtu akishafungwa hawezi kuinama kufunga kiatu chake, na nimewahi kupiga magoti gizani kumfungia mwigizaji buti lenye vifungo 14 kwa sababu mvalishaji mgeni alianzia juu. Halafu koseti, halafu gagulo au magagulo, halafu gauni. Gauni nyingi za karne ya 19 zilikuwa vipande viwili, blauzi na sketi, na mara nyingi sketi moja ilishonewa blauzi mbili, moja ya mchana iliyofunga shingo na moja ya jioni iliyoacha mabega. Waliofanya hivyo walibana matumizi. Mimi ninawashukuru kila mara bajeti inapokatwa.

Krinolini, zile pete zinazovaliwa chini ya sketi ili ijae, imenipa ubishi kuliko nguo yoyote. Mwongozaji mmoja aliitaka ionekane kama kizimba, na kwenye kikao cha kwanza akatuhubiria nusu saa jinsi wanaume walivyowafungia wanawake ndani ya pete za chuma. Krinolini ya pete za chuma ilitoka mwaka 1856. Kabla yake, ili sketi ijae, mwanamke alivaa magagulo kadhaa, mengine yamekazwa kwa wanga, mengine yamefumwa kwa singa za farasi, ambazo Wafaransa wanaziita crin, na jina likatoka huko. Mzigo wote ule ulining'inia kiunoni na kujisokota miguuni. Kizimba kilipokuja kilikuwa chepesi, na miguu ikapata nafasi ya kutembea. Nilimvisha mwigizaji wetu yote mawili, dakika kumi kumi, atembee mbele ya mwongozaji. Baada ya hapo sikubishana tena.

Lakini hatari yake ni ya kweli, na haikuwa ya mfano. Sketi pana, nyepesi, imejaa hewa chini, na karibu taa zote za zama zile ni moto wazi. Jukwaani ilikuwa vivyo hivyo kwa wacheza baleti na sketi zao za vitambaa vyepesi. Emma Livry wa Opera ya Paris alishikwa na moto wa taa ya gesi kwenye mazoezi mwaka 1862, akafa mwaka uliofuata akiwa kijana mdogo. Dawa ya kuloweka kitambaa kisishike moto ilikuwapo. Ilikifanya kikakamae na kupoteza mng'ao, naye hakuitaka. Ninamfikiria kila mwigizaji anapolalamika kwamba dawa yetu inawasha au inafifisha rangi. Siku hizi taa hazina moto wazi, lakini mishumaa ya kweli bado waongozaji wanaipenda.

Krinolini haivaliwi kwa mara ya kwanza siku ya mavazi. Hilo nilijifunza baada ya viti viwili kuanguka na mwigizaji mmoja kuketi vibaya, pete zote za mbele zikapanda usoni mwake na watu wakaona magagulo hadi kiunoni. Sasa ninatoa sketi ya mazoezi siku ya kwanza kabisa, ya amerikani mbichi isiyo na urembo, na pete zake kamili. Unashika pete ya nyuma kwa vidole, unaiinua kidogo, unaketi ukingoni. Mlangoni unageuka upande na kubana pete kwa mkono, nazo zinakubali. Baada ya wiki mbili mwendo wa mtu unabadilika, hatua zinakuwa fupi na sketi inateleza kama imewekewa magurudumu. Hakuna mwalimu wa mwendo anayeweza kumpa mtu hilo kwa maneno.

Tamthilia ya muziki ina ukatili wake wa ziada: saa. Kuna mabadiliko ya nguo ninayoyakumbuka ya sekunde 35, kutoka gauni la mchana hadi la harusi, gizani, mwimbaji anahema, wavalishaji watatu. Gauni limetandazwa sakafuni kama duara, yeye anakanyaga katikati, mmoja anapandisha, mmoja anafunga, mmoja ana wigi. Zile kamba unazoziona mgongoni ni urembo tu, zipu iko chini yake. Zipu kama tuijuavyo ni ya miaka ya 1910, kwa hiyo hairuhusiwi kuonekana, lakini ninaibariki kila usiku. Jambo ambalo sitarudia ni ile tepe ya kunatana, ya kuvuta. Niliitia kwenye blauzi ya mjane, na mjane akaivua blauzi ile jukwaani, taratibu, kwenye ukimya mkubwa kuliko wote wa mchezo. Rrraaa. Ukumbi mzima ukacheka. Mwigizaji yule hakuninunia, lakini kwa siku mbili alinisalimia kwa sauti ya tepe.

Halafu kuna kipaza sauti. Kile kiboksi cha betri kinataka kukaa kiunoni, na kiunoni ndipo koseti inapobana, na jasho ndilo linalokiua. Tulikihamishia kwenye wigi, waya ukatokea kwenye paji la uso. Na usidhani gauni la hariri linafuliwa kila usiku. Shimizi ndiyo inayofuliwa. Gauni linapuliziwa pombe kali iliyochanganywa na maji, kwapani na mgongoni, kisha linaachwa usiku kucha lipate hewa. Chumba cha maleba asubuhi kinanuka kama baa iliyofungwa, ukweli usemwe.

Rangi nilijifunza kwa aibu. Nilishona gauni la kijani kibichi kwa wiki tatu, tarizi ya mkono kuzunguka upindo wote, na taa ya buluu ya usiku ilipowaka likawa jeusi. Tarizi ikatoweka nayo. Ninabeba vipande vya vitambaa sasa, ninakaa na mtu wa taa kabla sijanunua mita hata moja. Aliyenifunza zaidi kwa mbali ni Paul Tazewell, aliyebuni maleba ya Hamilton, tamthilia ya muziki ya Marekani: madada watatu wa Schuyler wanaingia, mmoja waridi, mmoja buluu ya kijani, mmoja njano, na hata uliyekaa mwisho kabisa humkosi nani ni nani. Mshono ni wa karne ya 18, lakini hesabu ya rangi ni ya jukwaa.

Rangi ina tarehe pia. Mwaka 1856, mwaka uleule wa krinolini, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, akaambulia zambarau. Rangi za viwandani zikafuata, kali, zinazopiga kelele. Msichana wa kawaida wa mwaka 1830 ukimvika zambarau ile, ni kituko kwa anayejua. Na nyeupe nayo si unyenyekevu siku zote. Mwaka 1783 Élisabeth Vigée Le Brun alimchora Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, akiwa na gauni jeupe la pamba nyepesi, na watu walikasirika hata picha ikaondolewa kwenye maonyesho, kwa sababu machoni mwao malkia alikuwa ameonyeshwa na shimizi. Mwongozaji aliyetaka malkia wake "aonekane wa kawaida tu, mweupe" nilimpa kisa hicho, akaenda kulala nacho, akarudi na tukio jipya.

Kisha nikafanya kazi moja ya mbele ya kamera, tamthilia ya kihistoria, nikagundua kwamba nusu ya ujanja wangu haufai. Jukwaani macho yako mita 20. Kamera inahesabu nyuzi. Mshono wa cherehani kwenye ukingo wa shingo ya nguo ya mwaka 1790 unaonekana, kwa hiyo kila ukingo ulio karibu na uso unashonwa kwa mkono. Na uchakavu. Kwa mwanamke maskini nililetewa maelekezo kwamba nguo iwe imeraruka. Nikairarua, nikaisugua kwa msasa, nikailoweka kwenye maji ya majani ya chai. Mwigizaji akavaa, akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Huyu hana sindano?" akaniuliza.

Mhusika wake alikuwa mshonaji.

Niliona haya, mimi niliyeishi kwa sindano. Maskini mwenye mikono hatembei na tambara, anatembea na kiraka, na kiraka kizuri. Nikaanza upya. Nguo ile ya pili nilimshonea kiraka cha kiwiko kwa kitambaa kilichokatwa kwenye upindo wa ndani, ambapo rangi haijapauka, kwa hiyo kiraka ni cheusi kuliko nguo. Nikashusha upindo kama nguo iliyoachiwa binti aliyerefuka, na pale penye mkunjo wa zamani nikaacha mstari, umefifia, unazunguka sketi yote sentimita 8 kutoka chini. Kwapa nikalipausha kwa jasho la uongo. Mwigizaji alipoivaa aliugusa ule mstari kwa kidole na kuniuliza ilikuwa ya nani kabla yake. Tukakubaliana ilikuwa ya mama yake. Hapakuwa na mama kwenye hadithi.

Bi Mkubwa alistaafu kabla ya ule mchezo wa bibi na mtumishi kurudishwa jukwaani. Safari hii waigizaji walikuwa wapya, na mwongozaji mpya aliongeza tukio: asubuhi, mtumishi anamfunga bibi koseti mbele ya watazamaji, kwa kamba za kweli, wala si zipu. Nilimfundisha mtumishi kwa wiki nzima. Unaanzia juu hadi kiunoni, unaanzia chini hadi kiunoni, unabakiza vitanzi viwili katikati, unavivuta pamoja, unasubiri mwenzako atoe pumzi, halafu unamrudishia nusu ya ulichovuta, kwa sababu ataimba.

Usiku wa kwanza nilisimama pembeni nyuma ya pazia, sindano ina uzi, kama kawaida yangu. Alivuta, akasubiri, akamrudishia nusu. Akafunga fundo. Bibi akavuta pumzi hadi mwisho, na marinda ya ubavuni yakafunguka. Kisha mtumishi akarudi nyuma hatua mbili, akaikaza kamba yake mwenyewe kifuani, mkono mmoja na meno, akaokota ndoo akatoka.